Maji Katika Goti la Koplo

Kila nikijaribu kumweleza Daktari wa Picha, naanza vizuri, nafika katikati ya sentensi, kisha najikuta nasema kinyume cha nilichoanza nacho. Alikuwa mwoga. Alikuwa jasiri kuliko inavyofaa. Alikuwa mchoyo wa filamu hata akakaribia kuugua, na bado alitumia mbili kwa kila goti ambapo moja ingetosha. Jina lake silitaji. Yeye mwenyewe hakupenda litajwe, hata kwenye simu, na katika miaka ile ya utawala wa jeshi kila mtu Kampala alielewa kwa nini mtu hapendi jina lake litembee bila yeye.

Aliongoza idara ya eksirei. Alikuwa mtu wa Old Kampala, wa zile familia za Kiislamu za asili ya pwani ambazo zilifuata biashara zikabaki, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa cha ndani ya nyumba. Baba yangu naye alikuwa karani wa reli kutoka Mombasa, tukiishi kwenye fleti za Bukoto, na Kiswahili ndicho kilichotukutanisha. Kwa wengi mjini ilikuwa lugha ya askari. Ukisikia nyuma yako mtu anasema "wewe, simama," mgongo unapoa. Sisi wawili tuliitumia kuzungumzia magoti.

Nilikuwa daktari mpya idarani kwake, nimetoka chuoni tu. Nilikuwa mtu wa kufunga mlango wa nyumbani, kushuka ngazi, kurudi juu kuhakikisha nimeufunga, halafu njiani nikaanza kujiuliza kama katika kule kuhakikisha sikuufungua. Sista mkuu wa idara, mama mmoja wa Kiganda mwenye mdomo usiolala, alinipa jina wiki ya kwanza.

"Daktari Labda amefika," alikuwa akitangaza nikiingia. "Labda ni yeye, labda si yeye."

Daktari wa Picha hakucheka. Alisema tu kwamba mtu anayesema labda kila mara na mtu asiyesema labda kamwe wote wawili ni hatari, na kwamba alikuwa bado hajaamua yupi angependa amsomee mkewe eksirei. Sikujua kama nimesifiwa au nimetukanwa. Hali hiyo ilidumu miaka yote niliyofanya kazi chini yake.

Jambo lake kubwa lilikuwa maji ya viungo. Mtu akija na goti lililovimba, madaktari wengine walitazama mifupa, wakaiona mizima, wakamrudisha mgonjwa nyumbani. Yeye alitaka kujua kama ndani ya kiungo kuna maji, maana maji yakikaa mahali pasipo pake, alisema, kuna mtu aliyeyaita. Na njia za kuyaona alizilinganisha kila siku kana kwamba anawasema majirani.

"Mkono," alikuwa akisema, "ni jirani wa ukuta mmoja. Anajua mengi, lakini anaongeza chumvi. Eksirei ni polisi." Hapo alishusha sauti. "Anaona mifupa, basi, anafunga kesi. Sindano ni mwizi: anaingia ndani anatoka na kitu mkononi, huwezi kubishana naye, ila ameshavunja nyumba."

"Na ile mashine mpya ya mawimbi ya sauti, Mzee?" nilimchokoza siku moja. Tulikuwa tumesoma habari zake katika jarida la kigeni lililofika likiwa limekunjamana na limechelewa mno.

"Hiyo ni mkwe ambaye bado hajaja kujitambulisha kwenye kwanjula. Tunasikia sifa zake tu. Wanasema anaona maji bila kuchoma, bila mionzi, na maji kwake ni meusi." Akapunga mkono. "Upuuzi mtupu," akaongeza, na jioni ile nilimkuta peke yake ofisini anaisoma makala ile tena, kidole kikipita chini ya kila mstari.

Kwa eksirei alikuwa na desturi moja ambayo hakuivunja: alianza na mguu mzima. Goti lisilouma lilipigwa picha kwanza, kwa ubavu, halafu ndipo lile linalouma, na picha zote mbili zikakaa pamoja kwenye sanduku la taa. Alitufundisha kutafuta sehemu ndogo juu ya pia ya goti, mahali ambapo kwa mtu mwenye goti zima pana mistari miwili myeusi ya mafuta iliyokaribiana. Maji yakijaa, mistari hiyo inaachana, na katikati panatuna kivuli cha kijivu. Ni kitu kidogo sana. Mguu ukigeuzwa kidogo tu, kivuli kinapotea, au kinatokea pasipo na kitu.

"Picha haikuelezi chochote," alisema. "Inakujibu. Na inajibu ulichouliza, hata kama umeuliza ujinga."

Siku zile filamu zilikuwa shida. Wahindi walipofukuzwa, maduka yaliyoleta vifaa yalibaki na milango yenye kufuli za jeshi, na kila boksi lililofika idarani lilipokelewa kama mtoto wa kwanza. Daktari wa Picha alikata filamu kubwa vipande viwili kwa mkasi, ndani ya chumba cha giza, ili ziende magoti mawili. Alimkataza fundi kurudia kupiga picha ya kifua. Lakini mke wa mkubwa mmoja wa serikali alipokuja na maumivu yasiyoeleweka, alimpiga picha kuanzia shingo hadi vidole vya miguu, akiinama kila baada ya picha. Nilimwona akiinama. Nilimdharau kwa siku nzima. Usiku nikawaza kwamba labda aliinama ili sisi wengine tusiinamishwe, na kesho yake sikujua nimtazame vipi.

Au ile habari ya miwani. Kuna uchunguzi unaofanyika gizani, daktari akitazama kioo kinachong'aa kidogo tu, na mashine yetu ilikuwa ya zamani, kwa hiyo ilimlazimu kuzoeza macho yake kabla. Alivaa miwani nyekundu kubwa tangu anatoka nyumbani, akateremka nayo mitaa ya Old Kampala, akapita kwenye maduka na mbele ya wauza magazeti, hadi hospitalini. Watoto walimwita Taa ya Nyuma. Asubuhi moja kizuizi cha askari kilikuwa njiani kwake.

"Wewe mzee, macho yako kwa nini nyekundu?" askari akamuuliza.

"Nayazoeza giza, afande."

Mtu aliyekuwa foleni nyuma yake aliniambia baadaye kwamba wote walijua mzee amekwisha. Maneno kama yale, mwaka ule, mbele ya bunduki!

"Giza gani?" askari akauliza.

"Giza la hospitali. Lenu silizungumzii."

Askari akaangua kicheko. Akamvua miwani, akaivaa, akawatazama wenzake, wakacheka wote, wakamrudishia. Alipofika kazini alikaa chini, akamwomba Sista maji, na glasi iligonga meno yake alipokunywa. Mimi nilimuuliza kwa nini asiseme tu kwamba anaumwa macho.

"Lilikuja hilo kwanza," akasema. Basi. Ujasiri, au mdomo uliotangulia akili? Mpaka leo sijui, na sidhani yeye alijua.

Sasa koplo.

Alikuwa kijana mwembamba, dereva wa lori la kambi, na aliletwa asubuhi na kapteni wake. Kapteni alikuwa anatafuna gonja, ndizi ya kuchoma, iliyofungwa kwenye gazeti, soda mkono wa pili, hana haraka hata kidogo.

"Daktari," akasema, "hii mtu iko dereva yangu. Anasema goti naumwa, hawezi kukanyaga klachi. Mimi nasema iko muongo. Sasa wewe piga picha. Kama maji iko ndani, anaenda kwao. Kama maji hakuna, anarudi na mimi."

Hakupandisha sauti. Koplo alitazama sakafu. Wote chumbani tulijua askari anayeitwa mwongo akirudi kambini na kapteni wake anarudi kwenye nini, na kwamba ndugu zake huwa hawapewi hata nguo zake.

Daktari wa Picha alianza kueleza, kwa heshima. Eksirei haioni maji vizuri, afande. Mkono wa daktari huyaona mapema zaidi. Na sindano ikiyavuta, hapo hakuna tena ubishi.

"Mkono ya daktari iko na huruma," kapteni akasema. "Na sindano? Juzi wameniletea chupa, maji ya njano, wanasema imetoka kwa goti ya mtu. Mimi nimenusa." Akacheka peke yake. "Picha haina ndugu. Nataka picha."

Tukapiga picha, mguu mzima kwanza. Koplo alikuwa anatetemeka, mguu mbaya ukageuka, na kwenye sanduku la taa kivuli kile cha kijivu kilikuwepo na hakikuwepo. Kapteni aliinama akatazama.

"Mimi naona mifupa," akasema.

Daktari wa Picha alimwomba atungoje nje kidogo, kwa sababu ya mionzi. Kisha akanivuta pembeni. Kila siku alinifanya mimi nishike goti kwanza na kusema ninachosikia, na siku zote nilidhani ananipima. Asubuhi ile alinionyesha viganja vyake. Ngozi ya vidole ilikuwa inang'aa, ina nyufa, kama iliyopikwa zamani na kusahauliwa. Ni kazi ya mionzi, miaka ya kuwashika watoto chini ya mashine ili wasicheze.

"Havisikii kitu," akaninong'oneza. "Shika wewe, mwanangu. Niambie."

Nikashika. Nilibana juu ya goti kwa mkono mmoja na kuigonga pia kwa vidole vya mwingine, ili nione kama inaelea. Mara ya kwanza ikaelea. Mara ya pili haikuelea. Mara ya tatu nilikuwa tayari nasikia mapigo ya moyo wangu mwenyewe kwenye vidole.

"Labda," nikasema.

Alinitazama kwa muda. Sikuona hasira. Kilichokuwepo kilikuwa kitu kingine, nami nilikaa miaka nakitafutia jina.

"Basi tutatia hewa," akasema.

Njia hiyo aliijua tangu masomoni, ila kwetu haikutumika sana. Unaingiza hewa ndani ya goti kwa sindano, mgonjwa amelala chali, na mwale wa eksirei unapitishwa kutoka ubavuni. Hewa inapanda juu, nyeusi. Kama kuna maji, yanakaa chini yake, na mpaka kati ya hivyo viwili unakuwa mstari ulionyooka kabisa, wa mlalo. Mwili hauna mstari ulionyooka namna hiyo. Hata mtu asiyejua mfupa na ukucha ataukubali. Bila maji, hakuna mstari.

Aliniambia nimchome koplo dawa ya ganzi, akatoka kwenda kumshughulisha kapteni. Nilibaki peke yangu na koplo, dirisha limefungwa, jasho likinitoka mpaka nikaogopa litadondoka kwenye sindano. Nikachoma. Nikatoka, naye akaingia kutia hewa, akaniamuru niende nyuma ya ukuta, kwenye swichi, nisubiri. Nikasubiri. Niliona ni muda mrefu kuliko unaohitajiwa na hewa.

Picha ilipotoka chumba cha giza, ikiwa bado inadondosha maji, mstari ulikuwepo. Umenyooka, kama umepigwa na seremala.

"Hii ni nini?" kapteni akauliza.

"Juu hewa, chini maji, afande. Kama soda yako ukiinamisha chupa."

Kapteni akainamisha chupa yake, akaitazama, akatazama picha, akatazama tena chupa. "Kumbe," akasema. Akamgeukia koplo na kumpiga kofi la bega, la kirafiki kabisa. "Kumbe wewe mgonjwa kweli. Nenda kwenu. Nguo ya serikali acha."

Koplo aliniuliza, kwa sauti ndogo, kama anaweza kwenda kwa dada yake Port Bell, ambaye alikuwa anawapikia wapakia mizigo wa bandarini. Nikamwambia aende popote. Daktari wa Picha alimpa vidonge vya maumivu na kumwambia aupumzishe mguu. Hakuyavuta yale maji. Hakupeleka tone maabara. Nilishangaa, kisha nikaona kwenye meza, karibu na sindano, chupa ya maji ya chumvi ambayo asubuhi ilikuwa imejaa. Sasa ilikuwa nusu.

Nikaelewa. Au nikadhani nimeelewa. Maji yale yalitoka kwenye chupa. Yeye ndiye aliyeyatia, mimi nikiwa nyuma ya ukuta, kwa sababu mimi nilisema labda na labda haimwokoi mtu.

Sikumuuliza. Wakati ule mtu aliyemtendea mwenzake wema wa aina hiyo alistahili kunyamaziwa. Ukimshukuru, umempa shahidi. Ukimsifu, umemtaja. Ulichoweza kufanya ni kumsalimia kwa heshima zaidi na kumwachia kiti, na ndicho nilichofanya. Cha ajabu, yeye naye alianza kunifanyia vivyo hivyo. Aliacha kunikatiza nikizungumza. Alinipa kiti chake cha mbele ya sanduku la taa. Sista akaona.

"Daktari Labda siku hizi amekuwa bwana harusi," alisema. "Mzee anamfungulia mlango!"

Nilijiambia kwamba ananibembeleza nisiseme. Halafu nikajiambia, hapana, ananidharau na anaificha dharau kwa adabu. Nilitembea na mawazo hayo Bukoto hadi kazini na kurudi. Alivyonipa heshima zaidi ndivyo nilivyozidi kuchanganyikiwa.

Lakini nisimfanye mtakatifu. Jioni alicheza bao la mweso kwenye kibaraza cha duka la shemeji yake, akiiba kete waziwazi. Akikamatwa, anaapa, na saa ya sala ikifika anainuka kwenda kusali na kete za watu zingali kiganjani. Alimnunia fundi wa eksirei mwezi mzima kwa sababu ya kipande cha filamu kilichoharibika, halafu mtoto wa fundi huyo alipougua homa alikesha naye wodini. Alituambia tusiwaonee huruma wagonjwa, inaharibu macho. Mgonjwa akilia, yeye ndiye aliyetoka nje.

Mwaka uliofuata akaacha kuja kazini. Hakuaga. Siku hizo mtu asipokuja kazini, watu waliacha kulitaja jina lake, na kwa kuwa lake halikutajwa hata kabla, ilikuwa kama hakuwahi kuwepo. Nilikaa na hofu hiyo wiki nyingi kuliko inavyostahili kwa mtu aliyejua mtaa anaokaa. Mwishowe nikaenda Old Kampala. Nilimkuta ameketi sebuleni, mzima, amevaa kikoi na fulana, anamenya mihogo.

"Vidole," akasema, kabla sijauliza. "Viwili vimekatwa. Hospitali nyingine, nje ya mji, sikutaka mnione. Karibu. Mama Fulani, mgeni huyu!"

Mkewe akaleta chai bila sukari, akaomba radhi kwa sukari. Tukazungumza kuhusu filamu, ambazo sasa hazipo kabisa. Na kwa kuwa hatukuwa tena kazini, na kwa kuwa nilimwona anavyomenya kwa shida, nikahisi kwamba nisipomshukuru siku ile sitamshukuru tena.

"Mzee," nikasema, "kwa yule koplo. Mungu akulipe."

Akaacha kisu. "Akulipe wewe. Mimi nilifanya nini?"

"Yale maji."

"Ndiyo. Yale maji." Akatabasamu, machozi yakamlengalenga. "Sikukwambia kwa kuwa haikufaa kusema. Lakini nilipoona ule mstari nikasema moyoni, huyu mtoto wa karani wa reli, anayeogopa hata kitasa cha mlango, ana moyo kunishinda mimi. Kuyatia pamoja na ganzi! Mimi nisingethubutu."

Nilimtazama.

"Mimi nilitia ganzi tu, Mzee."

"Acha. Tuko nyumbani."

"Wallahi, ganzi tu. Maji uliyatia wewe. Chupa ya maji ya chumvi ilikuwa nusu."

"Ile chupa?" Alikunja uso, anatafuta. "Mabomba yalikuwa makavu siku ile. Nilinawia ile chupa. Ningemshika vipi mgonjwa bila kunawa?"

"Na ulikaa muda mrefu."

"Kwa vidole hivi? Kuipata njia tu ilikuwa kazi." Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Wewe ulitoka mle ndani unatetemeka kama mwizi."

"Mimi hutetemeka kila siku, Mzee."

Mkewe alikuwa mlangoni na birika. Hakuna aliyempokea. Nilikuwa nimeubeba wema wa mzee huyu kama kitu kitakatifu, naye ameubeba wangu, na hapakuwa na wema wowote. Palikuwa na goti lenye maji. Mtu mmoja tu aliiamini ile picha kwa ilivyokuwa, naye ni yule kapteni na soda yake.

"Kijana mwembamba," Daktari wa Picha akasema polepole. "Goti moja. Limevimba kidogo kidogo, bila kuanguka, bila homa kubwa."

Hakumalizia. Nilijua ugonjwa alioufikiria. Ni kifua kikuu kilichoshuka kwenye kiungo. Kikijulikana mapema kina dawa, na dawa zake wakati ule bado zilipatikana. Tone moja la maji yale, likipelekwa maabara, lingeanza kutuonyesha.

"Alikwenda wapi?" akauliza.

"Port Bell. Kwa dada yake."

Akaenda ndani akatoka amevaa suruali na koti, kiatu kimoja hakijafungwa. Nikainama nikakifunga, kwa sababu yeye hakuweza. Tulipata nafasi kwenye lori la mkaa lililokuwa linateremkia Luzira, upande wa Port Bell, na njiani hatukusemezana. Nilikuwa napanga maneno, nayapangua. Huenda amepona. Yako maji ya goti yanayojikausha yenyewe. Huenda alianguka kweli na hakusema. Huenda hayupo.

Dada yake hakuwa mgumu kupatikana. Kila mpakia mizigo alilijua jiko lake, nyuma ya mabehewa yanayosubiri feri. Alikuwa anakoroga sufuria ya maharage. Tulipojitaja alipiga magoti kutusalimia, mwiko mkononi, akalia.

"Ni nyinyi! Bassebo, mabwana zangu, ni nyinyi mliomwokoa!" Akageukia kibandani. "Njoo uone nani amekuja!"

Koplo alitoka kibandani. Alikuwa na gongo kwapani. Mguu wa kushoto haukukunjika hata kidogo. Paja lilikuwa limekonda kama mkono, na goti lenyewe lilikuwa limebaki limenyooka, kubwa, gumu. Alitaka kupiga saluti, akayumba, akacheka.

"Ndio hawa," alimwambia dada yake. "Ndio waliotia maji ndani ya goti yangu ili kapteni aone. Mimi nilikuwa muongo kabisa, dada. Nachechemea tu, sitaki kazi ile walikuwa wanatupa usiku. Ilikuwa nauma kidogo, ya kawaida tu."

"Na hii?" Daktari wa Picha akauliza, akionyesha mguu.

"Hii ilikuja nyuma. Polepole." Alishusha sauti, kama mtu anayezungumzia jambo lake na padri. "Ni Mungu, Mzee. Nilidanganya juu ya goti, akanipa goti. Nimekubali. Nyinyi hamna kosa. Kosa ni yangu. Kila siku naomba asiwape nyinyi adhabu."

Nilitaka mtu aseme kitu. Nilifikiri kwamba tukinyamaza, atabaki na Mungu anayemwadhibu bure. Na tukisema, atabaki na sisi. Nilizigeuza njia hizo mbili kichwani, na kama ingekuwa kazi yangu, tungekuwa bado tumesimama pale.

Daktari wa Picha alikaa kwenye gogo la jikoni ili macho yake yawe chini ya macho ya koplo.

"Hukudanganya, mwanangu," akasema. "Sikiliza. Hatukukutia maji. Mimi sikutia, na huyu hakutia. Yale maji yalikuwa yako. Ulikuwa mgonjwa tangu siku ile. Tuliodhani unadanganya ni sisi."

Dada aliacha kukoroga. Koplo alimtazama yeye, akanitazama mimi, kisha akalitazama goti lake kwa muda mrefu, na nikaona uso wake ukifunguka, kama mtu aliyeondolewa mzigo. Karibu atabasamu. Halafu akainua kichwa, taratibu, na akauliza bila hasira yoyote, kwa kutaka kujua tu:

"Sasa, vile vidonge mlinipa, vilikuwa vya nini?"